Hata Inchi Moja! Lakini Inchi ya Nani?



Jumapili moja ya hivi karibuni, baada ya ibada, tulisimama nje ya kanisa kama ilivyo desturi yetu huku Bureti, wazee kivulini na vijana penye jua, na mazungumzo yakaangukia maziwa ya Uganda. Kijana mmoja mwenye ng'ombe wanne na chai ya ekari moja na nusu akasema, kwa sauti iliyosikika na wote, kwamba dawa ni moja tu: Kenya ijitoe katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, mpaka wa Busia ufungwe, na kila mtu abaki kwao. Akapigiwa makofi. Hata mwinjilisti wetu, mtu mpole, aliitikia kwa kichwa.

Sikumjibu siku ile. Nilichelea kuonekana wakili anayewatetea wageni dhidi ya mfugaji wa nyumbani. Lakini nilirudi kwangu nikiwa na aibu, kwa sababu makofi yale nilikuwa nimeyasikia tangu utotoni, katika masimulizi ya marehemu baba yangu juu ya Februari ya mwaka 1976. Basi jibu nililomnyima kijana yule nalitoa hapa, na ninawaomba waliompigia makofi walisome nao.

Vijana wengi wa nchi hii ya chai hawajui kwamba mashamba wanayoyachuma yaliwahi kudaiwa na dola jirani. Kabla ya mwaka 1902, sehemu yote hii ya magharibi, kutoka ziwani hadi Naivasha, ilihesabiwa na Waingereza kuwa Mkoa wa Mashariki wa Himaya ya Uganda. Wakipsigis, Wanandi, Waluo na Wamaasai wa Bonde la Ufa walitiwa wote katika ramani iliyosimamiwa kutoka Entebbe. Reli ilipofika ziwani mwishoni mwa mwaka 1901, ikipitia stesheni ya Lumbwa ambayo leo twaiita Kipkelion, wakubwa wa London waliona ni taabu reli moja kusimamiwa na serikali mbili. Wakaona jepesi ni kuusogeza mpaka. Mwaka 1902 mkoa mzima ulihamishwa kwa karatasi, na mzee aliyelala Uganda akaamka katika Himaya ya Afrika Mashariki bila kuondoka kitandani mwake. Hakuna aliyemwuliza. Nadhani wengi walikufa bila hata kujua kwamba walikuwa wamehamishwa.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1905, ulikuja msafara wa adhabu wa Sotik, na baada ya hapo ardhi yenyewe ikaanza kukatwa. Miaka ya 1920 kampuni za chai zilijikita Kericho. Mwaka 1934 ilitungwa sheria mahususi ya kuwaondoa watu wa ukoo wa Talai, nao wakahamishiwa Gwassi, kwenye joto na mbung'o. Nayataja haya mapema kwa kuwa tutayahitaji mbele.

Katikati ya Februari 1976, Idi Amin aliifufua ramani ile ya kale. Alitangaza kwamba sehemu kubwa za Sudan ya kusini na za Kenya ya magharibi na ya kati, hadi kilomita 32 hivi kutoka Nairobi, zilikuwa za Uganda kihistoria. Wilaya yote ya Kericho, ambayo wakati huo ilijumuisha Bomet, ilikuwa ndani ya dai hilo. Mzee Kenyatta akajibu kwamba Kenya haitatoa hata inchi moja ya ardhi yake. Nchi nzima iliwaka. Watu waliandamana mijini, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakakataa kugusa shehena za Uganda. Haukupita muda mrefu Amin akalegeza maneno.

Sisemi kwamba hasira ile ilikuwa ya bure. Mtu yule alikuwa amewaua raia wake kwa maelfu, na hakuna mwenye akili timamu aliyetamani kutawaliwa naye. Lakini kisikilizeni kisa cha baba.

Wakati huo alikuwa karani wa kupima majani katika kituo kimoja cha chai. Chifu aliita baraza, watu wakaambiwa waache kuchuma waje kumlaani Amin. Wakaja, wengine na vikapu mgongoni. Zikaimbwa nyimbo, ngumi zikainuliwa. Ndipo kogo mmoja, nyanya wa umri wa kutembelea mkongojo, akaomba nafasi.

"Bwana Chifu," akasema, "huyo Amin anataka ardhi ipi? Hii ndogo tuliyo nayo sisi, au ile kubwa ya kampuni?"

Baba alisema kulitoka kicheko kidogo, kisha kimya. Chifu akajibu, "Keti, kogo. Leo si siku ya maswali." Naye akaketi.

Nimesoma sheria chuo kikuu, nimesimama mbele ya majaji wa kila namna, na sijapata kusikia hoja ya mpaka iliyo kali kuliko ile. Kwa maana utazame mwaka wenyewe, ndugu msomaji. Machi 1975 J. M. Kariuki alikuwa ameuawa, na Bunge likathubutu kuchunguza. Oktoba mwaka huo huo Jean-Marie Seroney, Naibu wa Spika na mbunge wa Tinderet, jirani zetu hapa, alikamatwa pamoja na Martin Shikuku katika majengo ya Bunge lenyewe, wote wawili wakawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Seroney ndiye aliyetoa Tamko la Nandi Hills mwaka 1969 kuhusu ardhi, akashtakiwa kwa uchochezi. Sikubaliani na kila neno la tamko lile, maana lilikuwa na ukali kwa majirani ambao hawakuwa wanyang'anyi. Lakini linganisheni. Aliyeuliza ni nani aliyeichukua ardhi kutoka ndani alikuwa gerezani. Waliopiga kelele kwamba kuna mtu anayetaka kuichukua kutoka nje waliitiwa baraza, wakapewa ruhusa ya kuacha kazi, wakasifiwa kwa uzalendo. Mpaka wa Busia ulikuwa mtakatifu. Mpaka baina ya kishamba cha kogo na shamba la kampuni, ule ulioonekana kwa macho kutoka barazani pale, ulikuwa uchochezi.

Na ni jambo gani lililokuwa likiendelea wakati watu walipokuwa wakiimba? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa ikifa. Mkataba wake ulikuwa umetiwa sahihi Kampala mwezi wa Juni 1967, ukaanza kazi Desemba mosi mwaka huo. Tangu Amin atwae madaraka mwaka 1971, wakuu wa nchi tatu hawakukaa tena pamoja katika Mamlaka ya Jumuiya, kwa kuwa Mwalimu Nyerere hakukubali kuketi naye. Tume ya kuupitia upya Mkataba, iliyoongozwa na William Demas wa Trinidad, ilikuwa kazini. Reli, bandari, ndege, posta, mambo yote hayo yaligombaniwa vyumbani: nani amezuia fedha za nani, nani anafaidi kuliko mwenziwe. Na tuseme kweli, Tanzania na Uganda zilikuwa na hoja. Viwanda vingi vilikuwa Kenya, na faida ya soko la pamoja iliteremkia Nairobi kama maji yanavyofuata mteremko. Mwananchi wa Kericho angeweza kuelezwa hayo. Angeelewa. Ni mtu anayejua vizuri sana maana ya kufanya kazi sawa na mwenzako na kupata bonasi ndogo kuliko yeye. Lakini hakuelezwa. Alipewa Amin wa kumlaani.

Julai 1976, baada ya Waisraeli kuvamia uwanja wa Entebbe, mambo yalizidi. Wakenya waliokuwa Uganda waliandamwa na wengi wakauawa. Kenya nayo ikabana mafuta na shehena hadi makubaliano ya Nairobi ya mwezi wa Agosti. Mwanzoni mwa mwaka 1977 shirika la ndege la Afrika Mashariki lilivunjika, Kenya ikaanzisha lake, na Februari Tanzania ikaufunga mpaka. Magari ya watalii na ndege ndogo za Kenya zilizuiliwa upande wa pili. Mwisho wa Juni 1977 hapakuwa na bajeti, na hapakuwa tena na Jumuiya.

Wako wakubwa wa Nairobi waliofurahia waziwazi. Sasa tuulize bili ilipelekewa nani. Mkuria wa Isebania, ambaye shangazi yake yuko ng'ambo ya barabara, alilazimika kumzuru kwa kupenya vichakani. Wafanyakazi wa mashirika ya Jumuiya walirudishwa makwao mikono mitupu, na wale wa Tanzania walidai malipo yao mahakamani na barabarani kwa miaka mingi hata wakazeeka wakidai. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Mei 1984 ndipo yalipotiwa sahihi Arusha makubaliano ya kugawana mali na madeni, baada ya usuluhishi mrefu wa Victor Umbricht, Mswisi. Miaka saba ya kugawana vijiko vya nyumba iliyovunjwa kwa mwaka mmoja! Na wale wachumaji walioinua ngumi barazani waliongezewa nini? Kogo yule aliongezewa ridhaa ngapi za ardhi? Alikufa na ile ile ndogo yake.

Siyasemi haya mimi peke yangu. Mkataba mpya wa Jumuiya, uliotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000, unakiri katika utangulizi wake sababu za kifo cha ule wa kwanza. Unataja ukosefu wa nia thabiti ya kisiasa, unataja mgawanyo usio sawa wa manufaa, na unataja pia kwamba wananchi kupitia vyama vyao vya kiraia, pamoja na sekta ya kibinafsi, hawakushiriki vya kutosha. Watawala wameandika kwa mkono wao wenyewe kwamba nyumba iliporomoka kwa sababu, miongoni mwa mambo mengine, wenye nyumba hawakuulizwa! Kifungu cha 7 kinaahidi kwamba Jumuiya itawaweka watu mbele. Kifungu cha 145 kinasema kwamba nchi inayotaka kujitoa ni lazima ipate azimio la theluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge lake, kisha itoe ilani ya maandishi ya miezi 12. Kwa hiyo kijana wangu wa ng'ombe wanne ajue kwamba mlango wa kutokea upo, na kwamba kuuliza habari zake si uhaini. Lakini ni mlango wenye kufuli mbili, na funguo hazimo mikononi mwa waziri mmoja anayehutubia mazishi.

Sasa nije kwenye maziwa.

Malalamiko ya mfugaji ni ya kweli na sitayafanyia mzaha. Maziwa ya unga na ya pakiti yaliyotoka Uganda yameshusha bei huku, kama vile mahindi ya huko yalivyoshusha bei ya gunia. Serikali inajua kulitumia chungu hilo. Mwaka 2020 maziwa ya Uganda yalizuiliwa na kutwaliwa. Machi 2021 mahindi ya Uganda na Tanzania yakapigwa marufuku kwa madai ya sumu ya ukungu, na baada ya siku chache yakaruhusiwa tena kwa masharti. Kila mara mkulima hushangilia, na kila mara mlango hufunguliwa tena kimyakimya bila yeye kuambiwa kwa nini ulifungwa wala kwa nini umefunguliwa. Ni wangapi kati ya waliopiga makofi pale kanisani wanajua kwamba kampuni kubwa kabisa ya maziwa nchini Kenya ilikinunua kiwanda kikubwa cha maziwa Kampala mwaka 2015? Maziwa yanayoitwa ya mgeni yana wenyewe wenye vitambulisho vya Kenya. Mfugaji wa Mbarara anayelipwa kidogo na mfugaji wa Bomet anayelipwa kidogo wamefundishwa kutazamana kwa chuki juu ya ua, na mwenye tangi anauza pande zote mbili.

Na chai yetu je? Mnada wa chai wa Mombasa, ambao ulianzia Nairobi mwaka 1956 ukahamia pwani mwaka 1969, hauuzi chai ya Kenya peke yake. Chai ya Uganda, ya Rwanda, ya Tanzania, ya Burundi hupita hapo. Wanunuzi huja Mombasa kwa sababu huko kuna wingi na aina nyingi za majani. Ukizifukuza nchi hizo hazitaacha kulima. Zitatafuta bandari nyingine, na baadhi ya wanunuzi watazifuata. Tulionjeshwa jambo hilo si zamani. Mwaka 2023 Uganda ilipochoshwa na madalali wa Kenya katika ununuzi wa mafuta yake, iligeuza uso kuelekea Tanzania, na Desemba mwaka huo ikaishtaki Kenya katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Hayo yalisuluhishwa mwaka uliofuata. Mwaka 1976 mafuta, mwaka 2023 mafuta. Na mara zote mbili mkulima wa Mogogosiek alipata habari redioni.

Mtu atasema, mbona hata Waingereza walijitoa katika Umoja wa Ulaya? Vema, tutazame. Juni 2016 walipiga kura. Wengi wa waliohubiri kujitoa waliupuuza mpaka wa Ireland, wa kilomita 500 hivi, ambao kabla ya Mkataba wa Ijumaa Kuu wa mwaka 1998 ulikuwa na askari na vizuizi na makaburi. Katika Ireland ya Kaskazini, watu asilimia 55.8 walitaka kubaki. Wakajitoa hivyo hivyo pamoja na wenzao, na miaka iliyofuata London na Brussels ziligombania mpaka ule ule uliopuuzwa, mpaka ukaguzi wa bidhaa ukahamishiwa baharini, baina ya Ireland ya Kaskazini na Uingereza yenyewe. Siwasifu. Ninachosema ni kwamba mchuuzi na mkulima wa pale mpakani alikuwa na kura, hesabu ya kura yake inajulikana hata kwa sehemu ya kumi ya asilimia, na hakuna aliyemwambia aketi kwa kuwa si siku ya maswali. Sisi mwaka 1977 hatukupewa hata karatasi ya kutia alama ya kidole.

Na kujitoa kwao kulifika hadi mlangoni petu. Kwa kuwa walikuwa wanatoka katika soko la Ulaya, walihitaji mikataba mipya, na tarehe 8 Desemba 2020 Kenya ilitia sahihi na Uingereza, London, mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi. Wenzetu wa Jumuiya hawakutia sahihi pamoja nasi, ingawa tuna umoja wa forodha nao tangu mwaka 2005. Bunge letu likauidhinisha Machi 2021. Na mjue kwamba mwaka 2013 Mahakama Kuu, katika kesi iliyoanzishwa mwaka 2007 na jukwaa la wakulima wadogo, ilikuwa imekwisha kusema kwamba serikali ni lazima iushirikishe umma katika mazungumzo ya namna hii na Ulaya. Katiba ya mwaka 2010 inasema hivyo hivyo katika Vifungu vya 10 na 118. Je, ni kanisa gani la Kericho lililopokea nakala? Ni ushirika gani wa Bomet uliokaa ukaujadili?

Hapa ndipo swali la kogo linaporudi. Mwaka 2019, mwaka mmoja kabla ya sahihi ile ya London, Tume ya Taifa ya Ardhi ilikuwa imeamua kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma ya kihistoria, na ikapendekeza, pamoja na mambo mengine, kwamba mashamba ya chai yapimwe upya ili ijulikane kama kampuni zinakalia ardhi inayozidi ile zilizopewa. Kampuni hazikuukubali uamuzi ule. Wazee wetu wakaenda mbali zaidi: Agosti 2022 walipeleka malalamiko yao dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, Strasbourg. Basi hiyo ni mipaka halisi inayobishaniwa, mipaka ya mawe na vigingi, na mshitakiwa alikuwa ameketi ng'ambo ya meza pamoja na mawaziri wetu akijadili maua na maharagwe mabichi. Mkataba ule hauna neno hata moja juu ya ardhi ya Kericho. Mdomo uliosema "hata inchi moja" kwa Amin ulifunga kimya mbele ya Mwingereza.

Tangu hapo mashamba yenyewe yamekuwa yakipita mikononi mwa watu kama shilingi sokoni. Mwaka 2022 biashara ya chai ya Unilever ilichukuliwa na wawekezaji wa CVC. Mwaka 2024 ikatangazwa kwamba mashamba ya hapa yanauzwa kwa Browns wa Sri Lanka. Hati za miaka 999 zilifupishwa na Katiba kuwa 99 kuanzia Agosti 2010, na hilo ni jambo kubwa ambalo vijana wetu hawalijui kabisa, hali kila mmoja wao anajua jina la kisiwa cha Migingo.

Migingo! Aprili 2009 vijana wa Kibera waliing'oa reli iendayo Uganda kwa ajili ya mwamba ule wa ziwani usiotosha hata uwanja wa mpira. Wavuvi wa pale walikuwa wanadhulumiwa kweli, sikatai. Lakini ile reli waliyoing'oa ndiyo reli ile ile ambayo kwa ajili yake sisi tulihamishwa mwaka 1902, na hakuna kati ya wakubwa waliowachochea aliyetoka jasho kuirudisha.

Nina sababu nyingine ya kuogopa makofi yale, na hii naisema kwa uzito. Mdomo uliozoea kukodiwa dhidi ya mgeni wa mbali haukawii kukodiwa dhidi ya jirani. Wasomaji wa rika langu wanaikumbuka mikutano ya Septemba 1991 huko Kapsabet na huku kwetu Kapkatet, wakati chama kimoja kilipohisi kiti kinateleza. Kilichohubiriwa kilikuwa mpaka: nani wa hapa, nani si wa hapa. Desemba mwaka huo vyama vingi vikaruhusiwa, na mwaka 1992 nyumba zikachomwa Sondu na kwenye mpaka wa Sotik na Borabu. Wachumaji wenzetu wa Kisii na wa Nyanza, waliokuwa wamezika watoto wao katika ardhi hii, walilala makanisani na sokoni. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilichunguza na kutoa ripoti mwaka huo huo. Tume ya Jaji Akiwumi ikachunguza tena mwishoni mwa miaka ya tisini. Na waliorusha mishale walipata nini? Mpaka wa kampuni haukusogea hata futi moja. Mwaka 2008 tukarudia.

Ninyi Wakristo wenzangu mnakijua kisa cha shamba la Nabothi. Twapenda kumlaumu Ahabu na Yezebeli, na kweli wanastahili. Lakini kisomeni tena polepole. Mfunguo ulitangazwa, watu wakakusanywa, mashahidi wa uongo wakaketishwa mbele, na ni watu wa mji wa Nabothi, majirani zake, waliookota mawe. Ulikuwa mkutano wa hadhara wenye utaratibu mzuri kabisa, nina hakika na maombi ya kufungua yalisomwa. Jioni yake mfalme alishuka kulichukua shamba la mizabibu. Umati haukupata hata zabibu moja.

Kwa hiyo naliomba kanisa, ambalo katika miaka migumu lilithubutu kusema wakati vyama vilipokuwa marufuku, lisiwe tena mahali pa kupigia makofi kauli kama ile ya Jumapili. Mtu akisema "tufunge mpaka," mzee wa kanisa amwulize: upi, na kwa faida ya nani, na umesoma wapi? Vyama vya wakulima viombe kwa maandishi nakala ya kila mkataba wa biashara kabla haujafika Bungeni. Sheria ya mwaka 2012 ya kufanya na kuidhinisha mikataba inawapa nafasi hiyo. Wabunge wa kaunti za Kericho na Bomet, wanaojua kupiga kelele juu ya mpaka wa Sondu kila uchaguzi unapokaribia, watuambie msimamo wao juu ya upimaji wa mashamba, kwa majina yao, mmoja mmoja. Mwanaharakati anayeona habari za mikataba ni za wachumi wa Nairobi na akumbuke kwamba mwaka 1902 pia zilikuwa za wachumi wa London.

Mimi Jumapili ijayo nitakwenda kanisani na nakala ya Mkataba wa Jumuiya ndani ya mkoba, na nakala ya uamuzi wa Tume ya Ardhi. Nitamtafuta kijana yule kabla ya ibada. Nataka kwanza aniambie analipwa shilingi ngapi kwa lita, ni nani anayemlipa, na mtu huyo anauza wapi. Tukimaliza hapo tutatembea pamoja mpaka kwenye kigingi cha shamba la kampuni, kilicho hatua chache tu nyuma ya boma la baba yake.